Mwalimu Aliyetaka Kuambiwa Amekosea

Hakuwa na subira na mtu wa "samahani" tupu. Mwanafunzi akivunja kioo cha hadubini, akaja kichwa chini na "Samahani, Mwalimu" yake, yeye alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, kisha akauliza, "Samahani ya nini? Litaje." Mtoto akijibu kwamba ni ya kuvunja kioo, alitikisa kichwa. Kioo kuvunjika ni matokeo. Yeye alitaka kosa lenyewe: ulikuwa na haraka, ulikuwa unacheza, ulikatazwa ukafanya, au hukujua? "Haraka si uzembe," alisema, "na uzembe si ukaidi. Kila kosa lina alama zake. Ukiyachanganya, utaishia kutubu kosa la jirani yako." Watoto walimwogopa kwa hilo kuliko walivyoogopa fimbo za walimu wengine, maana fimbo huwa inakwisha.

Mimi nilikuwa fundi wake wa maabara, katika sekondari moja upande wa Mkumbi, kwenye milima ya Mbinga. Yeye alifundisha Baiolojia. Mimi nilichemsha, nilisafisha, nilijaza spiriti na kufukuza panya. Aliniita Fundi, nami nilimwita Mwalimu, na kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Kwa umri alikuwa dada yangu mkubwa. Kwa ukali alikuwa mama mkwe.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha upande wa bondeni. Kwenye kabati tulikuwa na vyura, minyoo, nyoka mmoja aliyepauka, na chupa moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa sisi wawili. Ndani yake walikaa viumbe wawili wa bahari ya kina kirefu, huko ambako jua halifiki. Aliwapata zamani akiwa chuo kikuu, kwa mtafiti aliyewatoa kwenye meli ya utafiti, na hakuchoka kusimulia jinsi alivyowaomba mpaka mtu yule akaona aibu kumnyima. Hawakuwa kamba na hawakuwa kaa. Walikuwa na mikono mirefu ya kamba, mgongo mpana kiasi wa kaa, na mkia uliokunjwa chini ya tumbo kama mtu aliyeketi akaukunja mguu. Kiswahili hakina jina lao. Yeye aliwaita "wageni."

Kila kidato cha tatu walipita mbele ya wageni. Swali lilikuwa moja: hawa ni wa aina moja au mbili? Watoto walinyoosha mikono haraka. Mbili, Mwalimu, huyu mkubwa na huyu mdogo. Mbili, Mwalimu, huyu ana rangi ya chai na huyu mweupe. Aliwaacha waseme mpaka waishiwe, kisha akawapa maneno ambayo nadhani mpaka leo yapo kichwani mwa wauguzi, madereva na wakulima kadhaa wa wilaya yetu: "Ukubwa ni mambo ya chakula. Rangi ni mambo ya spiriti. Nendeni kwenye miiba." Hapo ndipo alipowapa kioo cha kukuzia. Mmoja, katikati ya macho, alikuwa na mwiba mrefu mwembamba na mingine miwili mifupi pembeni yake, mithili ya uma wa meno matatu. Mwenzake alikuwa na pembe moja pana, bapa, yenye meno kandokando. Ukishaona hivyo huwezi tena kuwaona kuwa sawa, na watoto walicheka kwa kushangaa kwamba dakika chache zilizopita walikuwa hawaoni kitu.

Huyu mtu aliyewatenganisha wanyama wa kilindini ambao hakuwahi kuwaona wakiwa hai, alishindwa kuwatenganisha binadamu. Tulikuwa na ndugu wawili, mmoja mrefu wa maji ya kunde na mwingine mfupi mweusi, na aliwabadilisha majina tangu kidato cha kwanza hadi walipomaliza. Mwishoni wenyewe walizoea, kila mmoja akaitika kwa jina la nduguye. Alisahau sura ya mkuu wa shule akikutana naye sokoni Mbinga. Nilipomtania akasema, "Binadamu hana miiba, Fundi. Nitamshika wapi?"

Alikuwa mtu wa Ziwa Nyasa, wa Mbaha, na hakuacha mtu yeyote wa milimani asahau hilo. Sisi huku tunalima kahawa na mahindi, tunavaa makoti. Wao kule wana muhogo, dagaa wao wa usipa, na joto. Utani kati yetu ni wa kila siku, nao una sheria yake: anayetaniwa akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa. Kwake kila kitu cha Umatengoni, kwetu huku milimani, kilikuwa kimedumaa kwa baridi. Kuku wetu walikuwa vifaranga wenye madeni. Ndizi zetu zilikuwa vidole. Niliwahi kumpelekea parachichi kubwa kutoka shambani kwetu, akaligeuza mkononi akasema, "Hili lilizaliwa ziwani, mliliiba." Sikuwahi kukasirika. Nasema hivi kwa sababu utani huu ndio uliomfikisha pale alipofika, na mimi niliupenda.

Chini ya shule yetu kulikuwa na kijito. Maji yake yalikuwa baridi hata mchana, na chini ya mawe waliishi kaa, wadogo, rangi ya udongo. Watoto waliwachokoa kwa vijiti wakitoka shule. Sisi tuliwachukua mmoja mmoja kwa ajili ya masomo, na kabatini palikuwa na chupa ya kaa mmoja wa kijitoni karibu na chupa ya kaa wa ziwani aliyemleta yeye kutoka kwao. Vibandiko vya chupa zote mbili vilikuwa na jina lilelile la Kilatini, kwa mwandiko wake.

Wakulima walipoamua kujenga mtambo wa kumenya kahawa mbivu, waliuweka juu ya kijito, maana mtambo unataka maji. Uliitishwa mkutano wa kijiji. Watu wote walikuwa wanautaka. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa kwa pamoja hupata bei nzuri kuliko ile ya kumenyea nyumbani, na kila mtu pale alikuwa na jambo analolingoja. Mzee mmoja tu alisimama na swali. Hakuwa mpinzani wala mjuzi. Alikuwa mzee aliyekulia kando ya maji yale. Aliuliza, "Maji ya maganda yakirudi mtoni, na kaa je?"

Mwenyekiti akageuka kumtazama Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtaalamu wa wadudu na wanyama tuliyekuwa naye. Alisimama, akatabasamu. Nililijua tabasamu lile.

"Mzee wangu," alisema, "hao kaa wenu ni wa kwetu Nyasa. Walipanda mlima kufuata kahawa, baridi ikawadumaza. Wakiisha, nitawaletea wengine kutoka nyumbani, wenye afya."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee naye alicheka, akaketi, maana ametaniwa na sheria anaijua. Mimi nilicheka. Mwenyekiti akasema, "Basi Mwalimu ameshatujibu," na mkutano ukaendelea na habari za mawe na mchanga. Wala Mwalimu hakuwa amedanganya. Aliamini hivyo. Kaa wa utotoni kwake walikuwa wakubwa, hawa wadogo, na moyo wake wa Kinyasa ulikuwa na maelezo tayari.

Mtambo ulijengwa, ukafanya kazi, na kila msimu wa mavuno maji ya kijito yaligeuka rangi ya uji wa ulezi na kunuka pombe iliyochacha. Tulizoea. Tulianza kuteka maji ya maabara bombani.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, tulikuwa tunasafisha kabati. Nilitoa chupa ya kaa wa ziwani na ya kaa wa kijitoni nikaziweka dirishani ili nijaze spiriti. Ilikuwa asubuhi, mwanga unaingia vizuri. Yeye alikuwa anapita na ufagio. Alisimama. Akauweka ufagio chini taratibu, akachukua kioo cha kukuzia, akainama, na akakaa hivyo hivyo mpaka nikadhani mgongo umemshika.

"Fundi," alisema, "vibandiko hivi kaandika nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

Aliwatoa wote wawili akawalaza kwenye sahani. Akanionyesha kwa ncha ya sindano. Nyuma ya macho ya kaa kuna mstari ulioinuka, unaokata mgongo kutoka upande hadi upande. Kwa yule wa ziwani mstari ulikwenda moja kwa moja bila kukatika, ukaishia ukingoni kwa jino kali. Kwa yule wa kijitoni ulikatika katikati, ukafifia kabla ya kufika ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa laini, hauna jino. Akawageuza. Wote walikuwa madume, akainua kile kifuniko cha tumboni, na chini yake vile vijiti viwili vya dume havikufanana: vya mmoja vilinyooka, vya mwenzake vilipinda nje kwenye ncha. Hata mimi niliona bila kioo.

"Ukubwa," alisema. "Nilitazama ukubwa."

Tulishuka kijitoni siku ileile. Tuligeuza mawe kuanzia darajani hadi chini ya mtambo, viatu mkononi. Tulipata utelezi na funza wekundu. Wiki zilizofuata tulipanda juu ya mtambo hadi kwenye chemchemi, tukaenda vijito vya jirani, tukafika hadi Namswea. Kaa tuliwapata, wa kutosha. Kila mmoja alimgeuza, akatazama mstari, akagusa ukingo kwa kidole gumba, na kumrudisha majini. "Ana jino," alisema. Baadaye akawa hasemi tena, anamrudisha tu. Yule mmoja wa kwenye chupa alimpiga picha na kumpeleka kwa wataalamu wa chuo kikuu. Walimjibu kwa heshima: inaelekea kweli ni aina nyingine, pengine haijawahi kuandikwa popote, ila mmoja hatoshi kuthibitisha, tafadhali tuletee wengine. Alinisomea jibu lile mara nyingi, na kila akifika kwenye "tuletee wengine" alinitazama kama vile mimi ndiye niliyewaficha.

Kuanzia hapo alianza kumtafuta mtu wa kumhukumu. Nasema hukumu, si faraja. Faraja alipewa hadi akaichukia.

Alikwenda kwa kasisi wake, maana alikuwa Mwanglikana. Kasisi alimwambia dhambi inataka kusudi, na yeye hakukusudia. Aende kwa amani. Alirudi amenuna. "Amenipa cheti cha afya," alisema, "bila kunipima."

Alikwenda kwa kamati ya mtambo, akawaomba wachimbe mashimo ya kutulizia maji ya maganda kabla hayajaingia mtoni. Mwenyekiti alimwambia, "Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia." Nilikuwapo, nilimwona anavyoinua uso, kana kwamba mlango umefunguliwa. Lakini yule bwana alikuwa mtu mwema, akaongeza hapohapo, "Si lawama, Mwalimu. Kila mtu hukosea. Na kaa ni kaa." Mlango ukafungwa. Mashimo waliyachimba, kwa heshima yake, na maji yakapungua harufu. Kaa hawakurudi.

Kisha akaniomba nimpeleke kwenye sengu. Zamani kila ukoo wa Kimatengo ulikuwa na sengu yake: watu wanakusanyika kwa babu, wanakula pamoja, na wakisha kula wanasema yaliyoharibika na jinsi ya kuyatengeneza. Siku hizi si wengi wanaoishika, ila ukoo wa mume wangu bado huketi. Niliomba ruhusa, wakamkubali, mgeni tena Mnyasa. Alikula nao ugali na maharage. Kisha akasimama akaeleza kosa lake kama alivyowataka wanafunzi walieleze: "Si uongo, maana niliamini. Si ujinga, maana nilijua pa kutazama. Ni haraka, na ndani ya haraka kulikuwa na dharau. Niliwadharau kwa kuwa ni wa kwenu, na mzee aliponiuliza kwa dhati, nilimjibu kwa kuchekesha watu."

Wazee walisikiliza vizuri. Babu mkuu akauliza, "Aliyekosewa ni nani?"

"Kaa wa kijito."

"Amekuja na nani?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Babu akamweleza kwa upole kwamba hukumu inataka pande mbili. Mtu akimkosea mtu, ukoo wa aliyekosewa unakuja, unasema, unapokea. Huyu hana ukoo uliobaki. Nani atasimama kudai, na ukitozwa faini ya kuku, kuku huyo atapokewa na nani? "Mwanangu," alisema, "hatukatai kwamba kosa lipo. Hatuna wa kumkabidhi." Wakamfungia mahindi mabichi ya kwenda nayo.

Tulipofika kwake akaniuliza, "Na wewe, Fundi, unaonaje?" Nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote: "Si kosa lako, Mwalimu. Usijitese." Akashika mahindi yake akaingia ndani.

Alistaafu akarudi Mbaha. Tulipigiana simu, halafu tukawa hatupigiani sana. Nilisikia macho yamempungua nguvu, ana mtoto wa jicho, na anasubiri upasuaji. Mwaka huu, baada ya mavuno, nilishuka kumwona.

Nilimkuta uani anageuza usipa kwenye kichanja. Aliutambua mwendo wangu kabla ya sura. "Fundi! Milima imekuachia?" Nikamwamkia, akaitikia, akanitania kwamba nimezidi kuwa mfupi. Tuliketi kwenye mkeka. Ziwa lilikuwa pale karibu, kelele zake zinatufikia, lakini yeye alikaa ameligeuzia mgongo. Aliniuliza habari za shule, mume wangu, watoto. Kisha akauliza alichotaka kuuliza.

"Kijitoni?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilipita kote kabla ya kuja. Maji ni safi siku hizi. Hakuna."

Alitikisa kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua usipa, akitenga wadogo na wakubwa, jambo lisilo na maana yoyote kwa mtu anayekwenda kuwapika pamoja.

"Nitakuuliza mara ya mwisho," alisema, "halafu nitakuacha. Watu wote niliowauliza, kwao kaa ni kaa, kwa hiyo msamaha wao ni wa bure. Wewe uliona ule mstari. Uliona vile vijiti vilivyopinda. Duniani tuko wawili tu tunaojua kwa macho yetu ni nini kilichopotea. Nilikosea, au sikukosea?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Na hapo ndipo nilipoliona kwa mara ya kwanza jinsi lilivyo. Mtambo ule ulipoanza, sisi tuliacha nyasi tukaezeka bati. Watoto wangu walisoma kwa kahawa iliyooshwa kwenye kijito kile, na mkubwa wao sasa ni muuguzi. Nilipomwambia si kosa lako nilikuwa nayatetea mabati yangu. Yeye akiwa hana kosa, sisi wengine hatuna hata la kuulizwa. Nilimnyima kitu alichokuwa anakililia miaka yote, kwa sababu kukitoa kungenigharimu mimi, na nikakiita huruma.

"Ulikosea, Mwalimu," nilisema.

Vidole vilisimama. Niliogopa, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Ulijua pa kutazama na hukutazama. Ulimdharau kaa na ukamdharau mzee yule. Kama ungesema ngojeni nimwangalie kwanza, wangengoja. Walikuamini. Wale kaa wamekwisha, na neno lako ni sehemu ya kilichowamaliza. Na mimi nilicheka, kisha nikala matunda yake nikanyamaza."

Alivua miwani akaishika mapajani, hakuifuta. Alilia bila sauti, machozi ya mtu mzima, yanashuka na anayaacha. Mjukuu wa jirani alipita na ndoo, akatutazama, akaondoka. Mimi nilisogea nikamshika mkono, na neno likanitoka lenyewe, neno dogo ambalo katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, kwani huwezi kumpa mtu pole ya jambo unalosema halikutokea.

"Pole, Mwalimu."

Kwetu mtu akipewa pole hujibu nimeshapoa, hata kama jeraha linavuja. Yeye alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Bado," alisema. "Lakini asante, Fundi. Hii nimeipokea."

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa kichanja, naye akanyoosha mkono akawavuta usipa kwenye mwanga. Kisha akanigeuzia macho yale yenye ukungu, ambayo sidhani kama yaliniona, akasema kwa upole kabisa, bila utani hata chembe, "Na wewe pole."

Nilifungua mdomo nimjibu kama watu wanavyojibu. Sikuweza.